“Na Huyu Je?”: Kwa Kijana Mkristo Aliyechoka Kujilinganisha

Ukitaka kujua vijana wa kanisani tunapimwa kwa vipimo gani, simama nje baada ya ibada, wakati mnada wa mazao ya sadaka umepamba moto na mkungu mmoja wa ndizi unauzwa kwa mara ya tatu, usikilize maswali. Unaimba kwaya gani? Kwenye mkesha mbona hatukukuona? Mchumba yupo? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiwa amekushika mkono hataki kuuachia: “Mpendwa, mbona kama umepoa?”

Hilo la mwisho ndilo langu. Mimi ni mtu mkimya. Nimelelewa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, Moshi vijijini. Sasa niko Dar es Salaam, nauza na kupiga hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. (Sauti ya pili ni ile ambayo hakuna anayeenda nayo nyumbani akiivumisha.) Sijawahi kuanguka madhabahuni, sijaota ndoto yenye maelekezo, na nikiomba hunisikii hata ukikaa ubavuni pangu. Wadogo zangu wa usharikani wameshanijua, basi hunivuta pembeni kuniuliza kama inawezekana mtu akampenda Mungu kwa dhati na bado akawa wa namna hii. Naandika ninayowajibu, nikiwa na nafasi kidogo kuliko pale getini.

Mwishoni mwa Injili ya Yohana, sura ya 21, kuna kisa ambacho mahubiri mengi hukikatiza katikati. Samaki 153 tunawajua, moto wa makaa tunaujua, na Petro kuulizwa mara tatu kama anampenda Bwana tunakujua. Tukifika “Lisha kondoo zangu” tunaitika amina, tunaingia kwenye sadaka. Lakini mazungumzo hayakuishia hapo. Petro anaambiwa kwamba atakapokuwa mzee, mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Ni habari ya kifo chake mwenyewe. Sasa mtu aliyetoka kuambiwa jambo zito namna hiyo anafanya nini? Anageuka nyuma, anamwona mwanafunzi mwenzake anakuja, anauliza: “Bwana, na huyu je?”

Binadamu bwana! Na Yesu hakumng'unya maneno. Huyo nikitaka akae hata nijapo, imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi.

Aya inayofuata ndiyo inayonichekesha. Yohana anasema neno likaenea kati ya ndugu kwamba yule mwanafunzi hafi, naye inambidi akanushe: Yesu hakusema hivyo. Kanisa lenyewe halijasimama vizuri, tayari watu wanajadili safari ya mwenzao, na wanaikosea.

Swali la Petro linatujia kila siku, ila sisi hatulisemi kwa mdomo. Huyu ananena kwa lugha, mimi je? Huyu tulipata kipaimara mwaka mmoja, leo ana mume na gari. Huyu anaamka saa tisa usiku kuomba, na najua kwa sababu ameweka status. Ushauri wangu: likija, usibishane nalo, maana halina mwisho. Liulize na wewe: leo nina jambo gani langu ambalo sijalifanya? Mara nyingi lipo. Kuna mgonjwa niliyeahidi kumpigia, kuna deni la jirani, kuna nguo za mazoezi zimelala kwenye beseni tangu juzi. Ukianza na moja, yule wa kwenye status atapungua ukubwa.

Sasa habari ya maombi, maana ndiko vijana wengi wanakoumia. Sekondari nilisoma bweni. Ushirika wetu wa wanafunzi ulikutana jioni bwaloni, na tuliomba wote kwa pamoja, kwa sauti, mpaka mabati yanatetemeka. Ile sauti naipenda hadi leo. Yangu tu haikutoka. Siku moja dada wa kidato cha juu aliniwekea mikono akakemea roho ya ububu, na mimi wakati huo nilikuwa katikati ya sala.

Nilikuja kufarijika na Hana, mke wa Elkana, katika 1 Samweli sura ya kwanza. Yuko Shilo, anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, akadhani mama wa watu amelewa. Angalia Hana alivyofanya. Hakususa, hakwenda kutafuta kuhani mwingine mwenye macho zaidi, wala hakuanza kupiga kelele ili aonekane. Alimweleza Eli kwa heshima kwamba hajalewa, ana uchungu anaoumimina mbele za Bwana. Eli naye akambariki. Hana akaenda zake akala chakula. Basi na wewe ukieleweka vibaya, eleza mara moja, kwa adabu, pokea baraka ukipewa, uende ukale. Usifanye kazi ya kumwelewesha kila mtu, haitakwisha.

Mimi huomba nikitembea. Natoka nyumbani alfajiri, na njia ya kwenda kituoni inatosha Baba Yetu, Zaburi moja na majina ya watu. Kila mahali nimempa mtu wake: kwenye duka la Mangi namtaja mama, kwenye nguzo ya umeme iliyoinama namtaja kaka yangu anayetafuta kazi, kwenye karo la maji namtaja yule aliyenikwaza jana, na hapo hatua huwa fupi. Nikishaingia kwenye mabasi ya mwendokasi, ndiyo basi tena, humo huwezi kuinua hata mkono mmoja, sembuse mikono iliyotakata. Sikuambii uige. Wewe pengine sauti ndiyo inayokufungua, basi paza. Ninachokuambia ni kwamba utafute saa na mahali ambapo huigizi, uyashike hayo, hata kama hayapendezi kwenye picha.

Watu wengine wanadhani mambo haya ya “kuwa wewe” ni ya kizazi cha simu, yameingia kanisani kupitia dirishani. Hapana. Kwenye darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Mwalimu anatamka fungu, anauliza maana yake ni nini, nasi tunajibu darasa zima kwa mdundo mmoja, wengine macho yako kwenye maembe nje. Nimekuja kuitazama tena ukubwani. Imani ya Mitume, ile tunayoikiri ibadani, inasema Mungu ni Mwumba wa mbingu na nchi. Luther alipolieleza fungu hilo, hakuanza na mbingu. Alianza na kwamba Mungu ameniumba mimi, pamoja na viumbe vyote. Mimi kwanza! Na watoto wote wa darasa lile walikuwa wanalitamka “mimi” hilo pamoja, kila mmoja na la kwake.

Kisha anashuka taratibu: mwili na roho, macho, masikio, viungo vyote, akili. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, shamba, mifugo. Hapo kwenye viatu ndipo ninapopapenda. Tunapozungumza kipaji cha mtu kanisani tunafikiria kinanda, uimbaji, kushika maikrofoni. Orodha ile inaniambia kwamba upekee wangu uko pia kwenye kodi ya chumba, kwenye namna ninavyouza msumari.

Na kwenye kuuza msumari kuna mtihani ambao kila aliyekaa kaunta ya vifaa vya ujenzi anaujua. Fundi anakuja na hela ya mwenye nyumba. Bei ya saruji anaijua vizuri. Anainama: “Dada, risiti ya mashine achana nayo, niandikie ya mkono, weka na cha juu kidogo.” Si mtu mbaya. Ana watoto, na mwenye nyumba huenda anamlipa kwa kumsumbua. Katika hali hiyo nilishapambana na mawazo mawili: kumkubalia ili nisionekane mlokole, au kumhubiria ili nionekane Mkristo. Yote mawili yanamtazama mtu mwingine. Siku hizi nina sentensi moja, nimeizoeza ulimi kabla haja haijafika: “Fundi, bei ni hii na risiti ni ya mashine, nikupakilie mifuko mingapi?” Wapo wanaocheka wakanunua, wapo wanaovuka barabara kwenda duka la pili. Mwenzangu wa dukani, naye ni mwombaji, hukataa jambo lilelile kwa utani na kelele, na fundi anaondoka anacheka. Mimi utani huo sina, nikiujaribu unakuwa kama matusi. Kwa hiyo kama una jambo unalojua litakujia kazini kila wiki, andaa maneno yako mapema, yawe mafupi, yawe ya mdomo wako.

Michango nayo. Hapa nitasema kidogo tu kwa sababu sote tunaumwa ugonjwa mmoja. Kundi la harusi likifunguliwa, orodha inarushwa: jina, ahadi, taslimu. Unasoma wenzako wa rika lako wameandika nini, halafu unaandika namba ambayo si yako. Hilo ni “na huyu je?” lililoandikwa kwa shilingi. Mimi mwanzo wa mwezi nikishatenga sadaka, nauli na kodi, naandika pembeni kiasi cha shughuli za watu. Orodha ikija siifungui kabla ya kuandika changu. Namtumia mweka hazina ujumbe wa pembeni na hela yenyewe, si ahadi. Mwezi ukiwa umekauka nasema umekauka, naahidi mikono: nitakuja kumenya vitunguu. Hakuna harusi iliyonirudisha mlangoni kwa sababu hiyo.

Lakini nisikudanganye. Hii habari ya “mimi ndivyo nilivyo” ina upande wake wa ujanja, na sisi wakimya ndio mabingwa. Kuna mtu hasalimii, anasema ni mpole. Kuna mwenye ulimi wa wembe, anasema yeye ni mkweli. Kuna asiyeonekana jumuiya miezi, anasema yeye na Mungu wake wanaelewana. Kipimo ninachokitumia si cha kitaalamu: tabia yako hiyo inamgharimu nani? Nikinyamaza kwenye maombi, hakuna aliyeumia. Nikinyamaza mama mjane wa jumuiya yetu akisubiri salamu, ameumia yeye, mimi nimebaki na starehe. Hapo haiitwi upekee tena.

Msiba ndio ulionifundisha tofauti. Kwetu msiba hauna mwaliko, unaenda. Zamani niliuogopa kwa sababu sijui kusema ya kufariji, maneno yananikauka kooni. Nikagundua wafiwa hawana haja kubwa na maneno, wameshayasikia mpaka yamewachosha. Wanahitaji mtu wa kukaa nao kwenye mkeka, wa kuosha sufuria usiku, wa kuandika kwenye daftari la rambirambi bila kukosea jumla. Watu wa maneno wapo wengi, watahubiri, na wanahubiri vizuri. Wewe mwenye kimya chako nenda nacho, kitapata kazi kabla hujavua viatu. Ila nenda.

Kuhusu mchumba, jibu langu kwa akina mama ni “Niombee, mama,” na namaanisha kweli. Pia hufunga mjadala haraka kuliko jibu lolote nililowahi kujaribu.

Jambo la mwisho ni vyeo, maana kijana akionekana anahudhuria tu, anapewa. Mwaka juzi walitaka niongoze kipindi cha sifa. Ningekubali kwa kuogopa kuitwa aliyepoa, ningewatesa wao na mimi. Nilimwendea mwalimu wa kwaya faragha, si mbele ya watu, nikamwambia hiyo siiwezi, lakini hesabu naziweza, na kitabu cha fedha cha kwaya kilikuwa hakijafungwa tangu mhazini wa zamani ahamie Dodoma. Ukikataa mzigo mmoja, njoo umeshika mwingine. Wazee wanasikiliza zaidi. Alicheka, akanipa daftari siku hiyohiyo. Ninalo mpaka sasa. Na kwa kuwa najua wanakwaya wenzangu mtasoma hapa: ada ya mwezi huu wengi bado, na kitambaa cha sare za Pasaka hakikopeshwi.