Kabla ya Kwenda Kutazama Picha za Ukiyo-e Jijini Tokyo

Nilipokwenda Tokyo kwa mara ya kwanza, nilikuwa na hamu ya kuona picha moja tu, nayo ni lile wimbi la msanii wa Kijapani Hokusai linaloinuka juu ya mashua huku Mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali. Sikuiona. Nilidhani kwamba picha mashuhuri huwa ukutani mwaka mzima, kumbe siku niliyofika yalikuwa yanaendelea maonyesho ya mada nyingine kabisa. Kwa hiyo nakusihi usome ratiba ya makumbusho kwanza, ndipo upange siku ya kwenda.

Ukiyo-e ni picha za Kijapani za zamani zilizochapwa kwa mbao zilizochongwa juu ya karatasi, na rangi nyingi za zamani zilitokana na mimea, hivyo mwanga huzifisha upesi. Ndiyo maana huonyeshwa kwa muda mfupi, kisha hurudishwa ghalani zikapumzike gizani. Makumbusho ya Ota, yaliyopo mtaa wa Harajuku jijini Tokyo, yana hazina ya takribani picha 15,000, na hubadilisha maonyesho karibu kila mwezi. Katika siku za mabadiliko hayo milango hufungwa.

Ukishaingia, usiharakishe. Vyumba vina mwanga hafifu, na macho huhitaji dakika kadhaa kuuzoea. Mimi husimama mbele ya picha, kisha husogea upande na kuinama kidogo, kwa kuwa baadhi ya urembo hauonekani ukiitazama uso kwa uso: mpiga chapa aliweza kukandamiza karatasi juu ya ubao usio na rangi, hata theluji au nyuzi za kitambaa zikajitokeza kwa mwinuko mtupu. Tazama pia anga inavyotoka kwenye buluu iliyokolea hadi weupe. Mpito huo haukuchongwa, bali mpiga chapa aliupata kwa kupangusa rangi juu ya ubao kwa mkono, akarudia kwa kila nakala.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni kazi ya mchongaji. Mchoro wa msanii ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, naye akachonga kwa kuufuata, kiasi kwamba mchoro wenyewe uliangamia. Katika picha ya msanii Hiroshige ya mwaka 1857 inayoonyesha mvua ya ghafla darajani, ambayo mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887, kila mstari mwembamba wa mvua ni ukingo wa mbao uliobakizwa baada ya pande zake kuondolewa. Hata hivyo, mara nyingi jina la mchongaji halimo kwenye picha, na mimi naona hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Ukibahatika kukuta nakala mbili za picha moja, kaa hapo muda mrefu. Kagua mistari ya pembeni: palipokatika au kufifia, huenda ubao ulikuwa umeshachakaa, na nakala hiyo ilichapwa baadaye.