Wanakisomo wanapoanza kupungua: maswali yenu

Darasa langu la kisomo cha watu wazima lilianza na watu 22. Masika yameingia, wamebaki 7. Nifanyeje? (Mwalimu wa kujitolea, Morogoro)

Wafuate majumbani, lakini daftari la mahudhurio liache darasani. Mtu mzima akishakosa vipindi vitatu, aibu ya kurudi huzidi ile ya siku ya kwanza. Usimwulize alikuwa wapi, unajua alikuwa shambani. Mwambie tu mmefikia wapi, na kwamba utamsaidia kuwafikia wenzake.

Halafu kaeni mpange saa upya. Palizi ikibana, siku mbili kwa wiki zinatosha, jioni watu wakishatoka shamba. Mkikubaliana kupumzika kabisa, tajeni na siku ya kurudi, kila mtu aijue. Masomo yasipofuata kalenda ya kilimo, wakulima watayaacha, na hawana kosa.

Mama yangu ana miaka 58. Herufi anazijua zote, ila kitabu kinamchosha, anataka kuacha.

Kwanza akapimwe macho. Ukishapita miaka 40, maandishi ya karibu huanza kufifia, na wengi hudhani ni akili imegoma kumbe ni miwani tu.

Kisha mwulize anatamani kusoma nini. Labda ujumbe wa pesa kwenye simu, asimpe tena kijana wa jirani amsomee salio lake. Labda kadi ya kliniki ya mjukuu, au daftari la vikoba lenye jina lake. Anzeni hapo. Si jambo geni kwetu: mradi wa kisomo wa UNESCO ulioanza Mwanza mwaka 1968 ulifundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba na migomba, kazi ambazo watu walikuwa nazo mikononi.

Mume wangu hataki nisome. Niende kwa siri?

Hapana, dada, siri itakuongezea mzigo. Mwombe mwalimu au mzee anayemheshimu aje kuzungumza naye. Nawe msomee risiti ya mbolea, aone faida.

Wajukuu wananicheka, wananiita ngumbaru.

Pole sana, bibi. Wasimulie habari za Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akavaa sare na kuketi na watoto. Kisha mwite yule anayecheka zaidi, mpe kitabu, mwambie akusikilize unaposoma na akusahihishe. Kila jioni, ukurasa mmoja.