Maswali na Majibu: Ufunuo Unasimamaje Pamoja na Vitabu Vingine vya Biblia?

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa hapa Malindi, upande wa Muyeye, na ninaongoza darasa la Biblia la vijana kanisani kwetu. Tumemaliza Waraka wa Yuda na sasa vijana wanataka Ufunuo. Nimejaribu kujitayarisha nikakwama. Mathayo kila mara ananiambia jambo fulani limetukia ili litimie neno la nabii, naye Paulo husema "kama ilivyoandikwa". Yohana katika Ufunuo hamnukuu nabii hata mmoja. Ni kama kitabu kimeshuka peke yake. Tena Yesu aliyesema wapendeni adui zenu, hapa ana upanga kinywani na vazi lenye damu. Na tangu mambo ya Shakahola, pale watu walipokufa kwa njaa msituni, wapo wazazi ambao hawataki watoto wao wafundishwe kitabu hiki kabisa. Je, kinaungana vipi na vingine? Au tukiache?

JIBU: Bwana asifiwe sana, mama. Msikiache. Nitaeleza kwa nini, ila nianze na lile uliloliona wewe mwenyewe, maana wengi wamesoma Ufunuo miaka mingi bila kuliona.

Ni kweli. Katika sura zote 22, aya zaidi ya 400, Yohana hasemi hata mara moja "kama alivyonena Isaya" wala "imeandikwa katika Zaburi". Lakini hakuna kitabu cha Agano Jipya kilichojaa Agano la Kale kuliko hiki. Wanaohesabu madokezo yake hawapatani juu ya idadi, kwa sababu dokezo moja huyu huliona na yule asilione, ila wote huhesabu kwa mamia. Danieli, Ezekieli, Isaya, Zekaria, Kutoka na Zaburi wamo karibu katika kila ukurasa.

Yohana anasema jinsi wazee wetu wanavyosema. Mzee akimtazama kijana mkaidi akatamka tu "asiyefunzwa na mamaye", haendelei. Kila aliyeketi barazani anamalizia moyoni. Makanisa saba yaliyoandikiwa kitabu hiki, kuanzia Efeso hadi Laodikia, yalizoea kusikia Maandiko yakisomwa kwa sauti, na Ufunuo 1:3 inasema heri asomaye na wao wayasikiao: mmoja anasoma, kanisa zima linasikiliza. Aliwapa nusu, na nusu ya pili walikuwa nayo. Sisi hiyo nusu ya pili hatuna, au tunayo na hatuifungui. Pengo likibaki wazi, mtu hulijaza kwa alicho nacho: habari za redioni, ndoto ya jana usiku, au amri zake mwenyewe.

Chukua sura ya 13, ile inayowatia vijana hofu. Mnyama anatoka baharini, ana pembe kumi na vichwa saba, mfano wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba. Sasa fungua Danieli 7. Danieli aliona wanyama wanne wakitoka baharini, mmoja baada ya mwingine: simba, dubu, chui, na wa nne wa kutisha mwenye meno ya chuma na pembe kumi. Yohana amewachukua wote wanne akawafanya mmoja, tena anawataja kinyumenyume: chui, dubu, simba. Vichwa saba navyo? Simba wa Danieli ana kichwa kimoja, dubu kimoja, chui ameandikiwa vinne, na wa nne kimoja. Jumlisha uone. Vijana wako wahesabu wenyewe kwa vidole, usiwatajie jibu.

Danieli hakutuacha tukisie maana. Katika 7:17 na 7:23 ameambiwa waziwazi kwamba wanyama hao ni wafalme na falme. Basi aliyesikia Ufunuo 13 pale Pergamo, mji uliokuwa na hekalu la Augusto tangu mwaka 29 KK na ambako shahidi Antipa aliuawa, alielewa mara moja: mamlaka inayodai kusujudiwa, ambayo imebeba ukatili wa falme zote zilizotangulia. Kwake yeye mamlaka hiyo ilikuwa Roma. Hata muda wake umetoka huko huko. Danieli 7:25 inasema "wakati, na nyakati mbili, na nusu wakati", yaani miaka mitatu na nusu. Yohana anautaja kwa maneno hayo katika 12:14, kwa miezi 42 katika 13:5, na kwa siku 1,260 katika 12:6. Piga hesabu ya miezi ya siku 30, ni muda mmoja. Haikuwekwa pale ili mtu atafute tarehe kwenye kalenda. Inawaambia wanaoteswa kwamba mateso yana kikomo, nacho kimepimwa na Mungu.

Ile chapa ya mkononi na kwenye paji la uso ni hivyo hivyo. Mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, tulisikia watu wakiogopa kuandikishwa kwa sababu ya 666, hesabu ya mnyama katika 13:18. Lakini mkono na uso vilikwisha kutajwa pamoja zamani, katika Kumbukumbu la Torati 6:8, pale Israeli walipoambiwa wayafunge maneno ya Mungu mkononi na katikati ya macho, baada tu ya kuamriwa wampende Bwana kwa moyo wote. Mnyama anaidai nafasi ambayo ni ya Mungu. Halafu usiishie 13:18. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Yohana, kwa hiyo endelea moja kwa moja hadi 14:1: watu wa Mwana-Kondoo nao wana jina usoni, jina lake na la Baba yake. Swali linaloulizwa pale ni mtu amejitoa kwa nani. Kuhusu hesabu yenyewe, wataalamu wengi huona ni jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina thamani ya tarakimu. Nakala chache za kale zina 616 badala ya 666, na jina lile lile likiandikwa bila "n" ya mwisho hutoa 616. Mimi naona maelezo hayo yana nguvu, ingawa imani ya mtu haisimami wala kuanguka kwa sababu yake.

Sasa upanga na damu. Hapa, mama, nakuomba usome polepole, kwa kuwa ndipo penye moyo wa kitabu. Anza sura ya 5. Yohana analia kwa sababu hakuna awezaye kukifungua kitabu kilichotiwa mihuri. Mzee mmoja anamwambia asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Hayo ndiyo aliyoyasikia. Anageuka kutazama, na anachokiona ni Mwana-Kondoo amesimama kama aliyechinjwa. Simba ni ahadi ya Mwanzo 49:9, na Mwana-Kondoo ni wa Kutoka 12 na Isaya 53. Mungu alitimiza ahadi ya Simba kwa njia ya Mwana-Kondoo. Kuanzia hapo hadi mwisho, Kristo anaitwa Mwana-Kondoo mara 28, na hakuna jina lake jingine linalorudiwa namna hiyo.

Ukiwa na hilo mkononi, nenda 19:11-16. Vazi limechovywa katika damu, lakini tazama ni lini: kabla vita havijaanza. Katika Isaya 63, Yohana anakotoa picha hii, damu ni ya maadui waliokanyagwa. Hapa adui hajaguswa bado. Wako wafasiri wanaoiona kuwa ni damu ya maadui hata hapa, kwa kumfuata Isaya. Mimi, kwa ajili ya sura ya 5, nasimama na wanaosema ni damu yake mwenyewe. Upanga nao unatoka kinywani, hauko mkononi, na picha hiyo ni ya Isaya 11:4 na 49:2: neno lake ndilo linalohukumu. Majeshi yanayomfuata yamevaa kitani nyeupe, na hakuna mahali panaposemwa kwamba wamempiga mtu. Hukumu ipo, wala usiwapunguzie vijana uzito wake. Lakini anayehukumu ni yule yule aliyesulubiwa, na hakuna mwanadamu anayepewa upanga wake.

Hili linatuleta Shakahola. Sisi wa Malindi hatuwezi kulizunguka jambo hilo. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, watoto wakiwemo, na jamaa walikaa hapa mjini wakingoja majibu ya vipimo vya DNA. Waendesha mashtaka wanasema watu hao waliambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Kesi ni kazi ya mahakama. Kazi yangu ni kusema Maandiko yanasemaje, na nitasema bila kumung'unya maneno: Ufunuo haufundishi hivyo, hata kwa aya moja.

Iko aya inayoweza kupotoshwa, nayo ni 12:11, inayosema watakatifu hawakupenda maisha yao hata kufa. Lakini hao walishinda "kwa neno la ushuhuda wao", yaani waliuawa na wengine kwa kukataa kumkana Kristo, kama Antipa. Kujiua kwa njaa ni jambo jingine kabisa. Na njaa katika Ufunuo ni nini? Katika 6:5-6 inakuja na farasi mweusi, na kibaba cha ngano kinauzwa kwa mshahara wa kutwa nzima. Ni msiba. Halafu katika 7:16-17, walio mbele ya kiti cha enzi wanaahidiwa kwamba hawataona njaa tena wala kiu tena, na Mwana-Kondoo atawachunga. Maneno hayo ni ya Isaya 49:10. Mhubiri anayeifanya njaa kuwa mlango wa mbinguni amekigeuza kitabu juu chini. Yesu mwenyewe, akiwa na njaa jangwani na Shetani akimhimiza ajitupe kutoka juu ya hekalu, alijibu kwa Torati: usimjaribu Bwana Mungu wako. Mzazi mwenye hofu ana haki ya kuogopa. Lakini kijana asiyejua kitabu hiki ndiye anayeweza kuambiwa chochote kilichomo.

Na Agano Jipya lenyewe? Hapo ni rahisi zaidi. Mathayo 24:30 inaunganisha Danieli 7:13 na Zekaria 12:10: Mwana wa Adamu yuaja na mawingu, na mataifa yanaomboleza. Ufunuo 1:7 inaunganisha aya hizo hizo mbili. Soma vilevile Mathayo 24:5-9 pamoja na mihuri ya Ufunuo 6, utaona vita, njaa na mateso yakifuatana kwa njia inayofanana sana. Na kwa wanaotaja tarehe, Marko 13:32 imekwisha kuwajibu: siku ile hakuna aijuaye ila Baba.

Juu ya historia yake nitasema machache. Kanisa halikukipokea kitabu hiki kwa pupa. Dionisio, askofu wa Aleksandria katika karne ya 3, alilinganisha Kigiriki chake na cha Injili ya Yohana akaona waandishi ni wawili, ila kitabu chenyewe hakukikataa. Biblia ya kale ya Kisiria haikuwa nacho mwanzoni. Mwaka 367 Athanasio, naye wa Aleksandria huko huko, aliandika orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo leo, na Ufunuo ukiwemo. Waorthodoksi wa Kigiriki wanakikubali hadi leo, lakini hawakisomi katika ibada yao ya Liturujia. Kwa hiyo woga wa wazazi wako si mgeni katika Kanisa.

Kwa darasa lenu, tafuteni Biblia yenye marejeo pembeni, hata moja ya kupokezana. Wiki ya kwanza msiuguse Ufunuo: someni Danieli 7 yote. Ya pili, Ezekieli 1 na Isaya 6, kisha ndipo mfungue Ufunuo 4 na 5. Barua za sura ya 2 na 3 zifuate, maana vijana watajiona humo haraka. Mkifika kwenye mapigo ya sura ya 8, 9 na 16, rudini Kutoka 7 hadi 10 mtafute vyura, nzige, giza na mvua ya mawe, na mtaelewa kwa nini walioshinda katika 15:3 wanaimba wimbo wa Musa. Wazazi waalike waje wasikilize, hasa siku ya sura ya 7.

Miaka elfu ya sura ya 20 iacheni hadi mwisho. Ireneo, katika karne ya 2, aliitazamia kama ufalme halisi hapa duniani. Agostino, katika karne ya 5, aliielewa kuwa ni wakati huu wa Kanisa, na Wakristo wacha Mungu wamegawanyika hivyo hadi leo. Mkifika huko niandikie tena, tutaitenga siku yake.