Pedali ya piano ikikwama, usikimbilie mafuta

Wiki mbili kabla ya Pasaka, katikati ya mazoezi ya kwaya, pedali ya kulia ya piano yetu kuukuu ilizama na haikurudi. Sauti zikaanza kupandana, wimbo ukawa uvumi mtupu. Mwimbaji mmoja akaenda kutafuta mafuta ya cherehani. Nilimzuia, na nakuomba nawe umzuie wa kwako.

Yetu ni piano ya kulala, ile ambayo nyuzi zake zimelazwa. Pedali zake zinaning'inia kwenye fremu ya mbao iitwayo kinubi. Ukikanyaga ya kulia, kifimbo hupanda na kusukuma wenzo ulio chini ya tumbo la piano, nao huinua vizimio vyote kwa pamoja. Vizimio ni vile vibao vyenye felti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, vinavyolalia nyuzi ili sauti ikatike.

Kwa hiyo kwanza jua ugonjwa uko wapi. Lala chini na tochi, mwenzako abaki juu akitazama vizimio. Irudishe pedali juu kwa mkono, kisha inua wenzo bila kugusa pedali na uuachie. Ukishuka vizuri, tatizo liko kwenye pedali au kinubi. Ukigoma, liko juu zaidi.

Wetu ulishuka bila shida. Nikafungua vile vijiti viwili vinavyokishikilia kinubi kwa nyuma, nikiweka alama kila kimoja kinapokaa, kisha nikafungua kinubi chenyewe mtu akikishika. Ni kizito, usijaribu peke yako. Pini ambayo pedali huchezea ilikuwa imezungukwa na utomvu mweusi: mafuta ya zamani yaliyoshikana na vumbi. Aliyeyatia alikusudia mema. Nilikwangua, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikabadilisha felti iliyochakaa, kisha nikapaka unga wa risasi ya penseli. Pedali ikarudi.

Kama vizimio vichache tu ndivyo vinavyobaki hewani ilhali vingine vimeshuka, usiilaumu pedali. Kila kizimio kina waya unaopita kwenye tundu lenye felti, na felti hiyo hunywa unyevu ikavimba. Mafundi wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50. Sisi wa pwani, hasa wakati wa masika, tunapita 70 bila kushtuka. Hapo dawa ni kukausha chumba taratibu na kuiweka piano mbali na dirisha.

Pedali ya kushoto ni habari nyingine kabisa, kwa sababu yenyewe husogeza mtambo mzima wa kibodi pembeni kwa milimita chache. Kuukagua kunahitaji kuuvuta mtambo nje, na kidole kikibonyeza hata kitufe kimoja wakati huo, nyundo yake, ile inayopiga nyuzi, huinuka na kuvunjika shingo. Hiyo mwachie fundi wa piano. Mimi nilisubiri miezi miwili hadi akapatikana.