Kikombe cha Hagi kinavuja: je, niliuziwa kibovu?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mwaka jana nilikuwa Japani kwa mafunzo, na kabla ya kurudi Dodoma nilipita mji wa Hagi nikanunua kikombe cha chai kisicho na mkono, cheupe chenye wekundu kwa mbali. Nimekitumia wiki tatu kwa chai ya maziwa. Sasa ndani kimejaa mistari ya kahawia kama utando wa buibui, kina harufu ya maziwa yaliyochacha, na nikikiweka mezani kinaacha duara la unyevu. Je, niliuziwa kibovu? Nikiloweke kwenye jiki?

Jibu: Jiki weka mbali kabisa, dada yangu. Kwa unavyoeleza, kikombe chako ni kizima, ila hakikuandaliwa kabla ya kutumiwa.

Ufinyanzi wa Hagi, katika mkoa wa Yamaguchi, ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 17 na wafinyanzi waliotolewa Korea wakati mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alipoivamia nchi hiyo (1592–1598). Udongo wake unaoitwa daido una mchanga mchanga, na hauchomwi mpaka ukashikamana kama kioo. Unabaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Juu yake hupakwa glezi, lile tabaka la kung'aa, na joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo, linapopoa glezi husinyaa kuliko udongo ulio chini yake, ikachanika vimistari vyembamba. Wajapani huita kannyu. Chai hupita humo, ikazama kwenye udongo, na rangi ya kikombe ikabadilika mwaka hadi mwaka. Wapenzi wa Hagi wana jina la mabadiliko hayo, nanabake, yaani kugeuka mara saba, na wengi hununua vikombe hivi kwa ajili ya hilo hasa. Hiyo mistari yako usiisugue, wala kwa magadi wala kwa stili waya.

Lakini hakikisha kwanza kwamba hakuna ufa wa kweli. Usikipige kwa kidole ukasikilize mlio: kauri ya Arita, mji mwingine wa Japani, hulia kama kengele, Hagi hata ikiwa nzima mlio wake ni mzito. Kikaushe, kisha pitisha ukucha ndani polepole. Vimistari vya kannyu havikwamishi ukucha na vimesambaa kila upande. Ufa ni mstari mmoja, mara nyingi huanzia mdomoni, na ukigeuza kikombe unauona nje mahali pale pale. Tazama pia jinsi kinavyovuja. Jasho la kitakoni ni la vinyweleo, tone linalotiririka ni la ufa.

Kama hakuna ufa, anza na harufu. Kiloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu siku nzima, ukibadilisha maji kila yakipoa. Usitie sabuni, kwa sababu udongo utainywa na utaionja kwenye chai. Kisha fanya kinachoitwa medome, kuziba vinyweleo. Chukua maji yaliyooshewa mchele, yale mazito ya mkono wa kwanza. Tandika kitambaa chini ya sufuria, laza kikombe, mimina maji hayo yakiwa ya baridi mpaka yakifunike, ndipo uwashe moto mdogo. Yakianza kutokota acha dakika 20 hivi, zima, na usikitoe mpaka maji yapoe yenyewe. Wanga ndio unaoziba. Waliokulia kwenye nyumba zinazopikia chungu hawatashangaa, maana chungu kipya nacho hupikiwa uji kwanza ili kisivuje.

Kukausha ndiko watu wengi wanakokosea, nami nilikosea. Kikombe changu cha kwanza cha Hagi nilikifuta kwa taulo, nikakiona kimekauka, nikakirudisha kwenye kisanduku chake cha mbao. Baada ya mwezi nilikuta kitako kina madoadoa meusi ya ukungu. Nje palikuwa pakavu, ndani ya udongo bado maji. Iliniuma sana. Sasa nakiegemeza ubavu kivulini, penye upepo, siku tatu au nne kabla ya kukihifadhi.

Kila siku, kabla ya kumimina chai, kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Vinyweleo vikishajaa maji, chai haipati pa kuingia kwa pupa. Maikrowevu hapana: maji yaliyojificha kwenye udongo huchemka na yanaweza kukipasua.

Chai ya maziwa, samahani, usirudie kwenye kikombe hiki. Mafuta ya maziwa yakishazama huchacha humo, na medome haiwezi kuyafukuza. Kipe chai ya kijani ya sencha, kwa maji ya nyuzi 70 hadi 80, si yanayotokota. Hapo kikombe kisicho na mkono kinakusaidia: ukishindwa kukishika, chai bado haijafikia kunyweka.

Kwa chai yetu ya maziwa na tangawizi tafuta kauri ya Arita, kutoka mkoa wa Saga, ambako inasimuliwa kuwa kauri ya kwanza ya Japani ilitengenezwa mwaka 1616. Hiyo haina vinyweleo, unaiosha kwa sabuni kama sahani yoyote. Unapoichagua, geuza kikombe uguse duara la kitako: liwe laini, lisikwaruze meza. Kisha kiinue kikiwa kitupu. Mkono wenyewe utakuambia kama uzito umeelemea chini, ambako ndiko unapotakiwa kuwa.