Maswali yenu: mtoto mzito darasani, boda aliyeanguka na babu aliyeuza shamba

Maswali mengi ya safari hii yamehusu kupima namna ubongo unavyofanya kazi: kumbukumbu, umakini, lugha, uwezo wa kupanga mambo. Wataalamu huuita upimaji huo tathmini ya nyurosaikolojia. Hauna sindano wala mashine. Ni mazungumzo marefu na majaribio ya maneno, picha, vibao na karatasi.

Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Akiwa na miaka 4 malaria ilimpanda kichwani, akashikwa degedege na kupoteza fahamu. Sasa mwalimu anasema ni mzito, nimpeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, akapimwe. Baba yake hataki hata kulisikia jina hilo. Kwani mtoto ni kichaa? (Mama, Chang'ombe)

Hapana, mama. Baba namwelewa. Dodoma tumezoea kutaniana "wewe utapelekwa Mirembe", na utani huo umewakosesha watu wengi huduma iliyo jirani yao kabisa. Kupimwa si kulazwa.

Malaria ya kichwani inaweza kumwacha mtoto anakimbia na kucheza vizuri, huku umakini, lugha au kumbukumbu vimeyumba, na wazazi wasigundue mpaka aanze shule. Lakini msiilaumu malaria kabla hajapimwa masikio na macho. Kuna pia kifafa kisichoangusha: mtoto anakodoa macho kwa sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kama kawaida. Mwalimu huona mtoto mvivu anayeota mchana.

Siku ya kupimwa ataambiwa arudie tarakimu, kisha azirudie kinyumenyume. Atapanga vibao kufuata picha. Atasimuliwa kisa kifupi na baadaye aulizwe anakumbuka nini. Kazi yote huchukua saa kadhaa na mapumziko katikati, na akichoka hugawanywa siku mbili. Beba madaftari yake. Tena mwambie mpimaji mnaongea lugha gani nyumbani, kwa sababu mtoto aliyekua akiongea Kigogo akipimwa kwa Kiswahili cha vitabuni tu, kinachopimwa ni Kiswahili chake, si akili yake.

Ripoti ikija, usikubali iishie kwenye alama. Iseme mwalimu afanye nini: amkalishe mbele, ampe agizo moja moja, amwongezee muda. Nakala mpelekee afisa elimu maalum wa halmashauri.

Nilianguka na pikipiki, nikazimia. Hospitali walinipiga CT scan wakasema kichwa kiko safi. Miezi minne sasa nasahau abiria alikoniambia anakwenda, nakasirika ovyo, mke wangu anasema siye mimi aliyemjua. Ananisingizia? (Boda, Kibaigwa)

Hakusingizii, na CT scan nayo haikukudanganya. Picha ile inatafuta damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, uvimbe. Nyuzi za ubongo zikitikisika na kunyofoka sehemu ndogondogo, picha inaweza kutoka safi huku kasi ya kufikiri na uwezo wa kuzuia hasira vimepungua. Hapo ndipo vipimo hivi vinafaa. Nenda na mke wako, maana aliyeumia kichwa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua alivyobadilika.

Mpaka upimwe, pikipiki iweke pembeni. Najua ndiyo ugali wa nyumbani, ila umesema mwenyewe unasahau njiani. Pombe acha. Na maumivu ya kichwa yakizidi, ukianza kutapika, kusinzia ovyo au mkono mmoja kulegea, usisubiri miadi: rudi hospitali siku hiyohiyo. Damu inaweza kuvilia polepole wiki kadhaa baada ya ajali.

Nina miaka 34, nafanya kazi Mtumba. Nasahau funguo, vikao, hata nywila ya kompyuta. Nimeanza ugonjwa wa wazee? (Mtumishi)

Sidhani. Unalala saa ngapi? Una mikopo mingapi? Bado unafurahia vitu ulivyokuwa unavipenda? Kukosa usingizi, msongo na sonona huiba umakini, na usichokizingatia huwezi kukikumbuka. Anza hapo na daktari wa kawaida. Mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa kusahau kwa kawaida haji na orodha ya alivyosahau. Analetwa na ndugu.

Shikamoo dokta. Babu yetu ana miaka kama 78, hajasoma. Mwaka jana aliuza shamba kwa bei ya kutupa, na sasa anauliza jambo moja mara tano. Akipimwa, tunaweza kulirudisha shamba? (Mjukuu, Nala)

Marahaba. Hapa kuna mambo mawili, msiyachanganye.

La kwanza ni afya yake. Kama kuchanganyikiwa kumekuja ndani ya siku chache, mpelekeni hospitali leo, huenda ni maambukizi au dawa. Kama kumekuja taratibu, kabla ya kusema "ni uzee" achunguzwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, sonona, na kama aliwahi kuanguka. Baadhi ya haya yanatibika.

Vipimo vyake navyo viwe vya haki. Kumpa kalamu mzee ambaye hajawahi kuishika, achore saa ya ukutani, kisha kutangaza kwamba akili imekwisha, ni uonevu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kinachowafaa wazee wasiosoma. Sehemu moja mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Nanyi mna kipimo chenu: alikuwa akiwajua ng'ombe wake mmoja mmoja, je, bado? Anapotea akirudi kutoka mnadani? Analinganishwa na yeye wa zamani, si na ninyi mliosoma.

La pili ni shamba. Kipimo cha leo kinaeleza uwezo wa leo. Hakiwezi peke yake kuthibitisha alikuwaje siku aliyotia dole gumba. Zaidi ya hapo, mzee anaweza kusahau majina ya wajukuu na bado akaelewa anauza nini, kwa nani, kwa kiasi gani. Bei ndogo si ushahidi wa maradhi: tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku Dodoma, wenye akili timamu kabisa wameuza kwa bei ya kutupa. Ya mkataba mwoneni mwanasheria. Na babu aelezwe anapelekwa wapi na kwa nini, akubali mwenyewe. Hakuna mtu anayetaka kutegwa.

Nije na njaa? (Wengi)

Hapana. Uje umekula, umelala, una miwani yako na kifaa cha masikio kama unacho. Dawa za presha, sukari au kifafa usiziache. Njoo nazo na pakiti zake.