Kituo cha polisi kinachofanana na nyumba ya familia

Swali: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya kituo cha polisi cha zamani katika mji mdogo wa Uingereza, ambacho hakitumiki tena. Kina dohani mbili na madirisha yenye mapazia, kama nyumba ya familia. Je, kilijengwa kwa kazi hiyo, au polisi walihamia katika nyumba ya mtu?

Jibu: Ndugu msomaji, majengo mengi ya namna hiyo yalikusudiwa kuwa vituo tangu msingi ulipochimbwa, nayo yalifanana na nyumba kwa sababu yalikuwa nyumba kweli. Sajenti au inspekta aliishi humo na familia yake ili apatikane usiku na mchana, na mara nyingi mkewe ndiye aliyewapikia mahabusu na kuwapekua wanawake waliokamatwa, kazi ambayo naona haijapewa heshima inayostahili.

Hapo awali, kabla ya kuwapo vikosi vya polisi vya kaunti, konstebo wa parokia, yaani mkazi aliyeteuliwa kulinda amani katika eneo lake, aliwafungia watuhumiwa katika kijumba cha mawe cha chumba kimoja, chenye giza na baridi. Sheria ya 1839 iliziruhusu kaunti kuunda vikosi vya polisi bila kuzilazimisha. Ile ya 1856 ndiyo iliyozilazimisha, ikaweka wakaguzi, na ikaahidi kwamba serikali kuu ingelipia robo ya mishahara na mavazi ya kila kikosi ambacho wakaguzi wangekithibitisha kuwa kinafanya kazi ipasavyo. Ndiyo maana vituo vingi vilijengwa katika miongo iliyofuata, na kwa kuwa michoro mara nyingi ilitoka kwa msanifu mmoja wa kaunti, vituo vya kaunti moja huweza kufanana kama ndugu.

Sehemu ya kutazamwa kwa makini ni ile ya nyuma, ziliko seli. Kuta zake ni nene, na dari mara nyingi ni tao la matofali, ambalo mfungwa asingeweza kulitoboa na ambalo lilizuia moto kuenea. Dirisha ni dogo, liko juu kuliko kimo cha mtu, nalo lina nondo; mlango hufunguka kuelekea nje, ili aliyefungiwa asiweze kuuzuia kwa ndani. Taa ya buluu ya mlangoni ilianzia London mwaka 1861, kisha ikaenea.

Sheria za 1946 na 1964 ziliviunganisha vikosi vidogo, magari na redio vikapunguza haja ya askari kukaa kila mji, na vituo vingi vikauzwa. Katika picha yako, tafuta milango miwili upande wa mbele: mara nyingi mmoja ulikuwa wa ofisi, na wa pili wa familia.